Vikombe vya Maji vya Darasa la Sita

Kila andalio la somo katika shule ile lilikuwa na safu ya mwisho, nyembamba, yenye kichwa "Masuala Mtambuka". Mwalimu mkuu ndiye aliyeileta. Alikwenda semina ya siku tatu, akarudi na mkoba mpya, kofia na maneno hayo mawili, na tangu hapo hayakumtoka kinywani. Afya, usawa wa jinsia, mazingira, maadili: yote yafundishwe ndani ya kila somo, alisema, kama chumvi ndani ya mboga. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na ndiyo maana yaliyofuata yanachukiza zaidi.

Kila Jumatatu mwalimu wa taaluma alibandika ukutani karatasi ya suala la wiki, na walimu kumi na mmoja wakapanga foleni kunakili. Wiki ya afya wote waliandika "wanafunzi wamenawa mikono", hata wiki ambayo bomba lilikuwa limekauka na mwalimu wa sayansi anafutia chaki kwenye suruali. Wakishanakili walifunga madaftari, wakaenda kufundisha vilevile walivyofundisha mwaka jana na mwaka juzi. Safu imejaa, mkuu ameridhika, chai inaendelea.

Nje ya ofisi mkuu alitundika mbao nne ndefu zilizopakwa rangi nyeupe, kila moja na suala lake kwa herufi za bluu. Mgeni yeyote alipitishwa hapo kwanza, hata aliyekuja kuulizia njia tu. Mkaguzi alikuwa anatarajiwa muhula huo, na mkuu alizifuta mbao zile vumbi kwa leso yake mwenyewe.

Bi Nukta, mwalimu wa hesabu, aliyaona yote hayo akacheka tu. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu ukisahau nukta ya desimali kwake hupati hata nusu maksi. Lakini tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: naye alikuwa anapanga foleni na kunakili kama wenzake.

Kicheko kilimwisha kwa ajili ya binti wa dada yake. Dada alifanya kazi mbali, na binti, mwenye miaka kumi na mitatu, aliishi kwa huyu mama yake mdogo na kusoma darasa la sita alilofundisha. Muhula ule alishikwa na homa na maumivu ya tumbo chini ya kitovu, mpaka akawa anajikunja kama mkeka. Daktari alisema ni maambukizi ya njia ya mkojo, akampa dawa, akamwambia Bi Nukta kwa ukali, "Huyu mtoto hanywi maji. Akiendelea hivi atarudi hapa na ugonjwa wa figo."

Basi Bi Nukta akamnunulia chupa ya lita moja. Kila asubuhi aliijaza mwenyewe. Kila jioni ilirudi imejaa.

"Hata maji ya kunywa yanataka fimbo?" alifoka siku ya nne. "Hukumsikia daktari?"

"Nilimsikia, mama mdogo."

"Sasa?"

Binti aliinamisha kichwa, akaendelea kuchambua mchele. Bi Nukta akamwita mkaidi, akaenda kulala na hasira zake.

Wiki iliyofuata alikuwa na mada ya wastani, na karatasi ya mwalimu wa taaluma ilisema afya. Safari hii hakunakili. Aliwaambia watoto wahesabu vikombe vya maji wanavyokunywa tangu kengele ya asubuhi hadi ya kwenda nyumbani, kwa siku moja, kisha waje na namba. Siku ya pili aliziandika ubaoni, wavulana upande huu, wasichana upande ule. Wavulana kumi na tisa wakatoka na wastani wa vikombe vitatu. Wasichana walikuwa ishirini na mmoja. Wanne waliandika kikombe kimoja. Kumi na saba waliandika sifuri.

"Nimesema mhesabu, sikusema mbuni," alisema. "Sifuri si jibu."

Kiranja wa wasichana, mtoto asiyejua kunong'ona, alisimama. "Mwalimu, sifuri ndiyo jibu. Gawanya tu."

Akagawanya. Sifuri nukta moja tisa. Aliitazama ile nukta yake, akaweka chaki chini. Akawatoa wavulana wakacheze mpira, akafunga mlango, akauliza kwa nini.

"Ukinywa, utakojoa," alisema kiranja. "Na vyoo vyetu havina milango."

"Tangu lini?"

"Tangu muhula uanze. Wiki ya nane hii. Mmoja akienda inabidi wengine wamzibe kwa kanga, na wavulana wanapita pale wanachungulia. Tukaona bora tusinywe."

Bi Nukta alimtafuta binti wa dada yake kwa macho. "Na wewe ulishindwa kuniambia? Nyumbani kwangu?"

Binti alijibu polepole, "Wewe ni mwalimu, mama mdogo. Nilidhani walimu mnajua."

Lingekuwa kofi lingeuma kidogo. Walimu walikuwa na choo chao nyuma ya ofisi, chenye ufunguo na sabuni. Katika wiki nane hizo hakuna hata mmoja aliyekwenda hatua sitini kuona watoto wanajisaidia wapi, na yeye, anayehesabu kila kitu, hakwenda pia.

"Milango iko wapi?" aliuliza.

Wasichana wakatazamana. "Si ile pale ofisini," alisema kiranja, "iliyoandikwa."

Alikwenda akasimama mbele ya mbao zile nne. Sasa aliziona vizuri: matundu ya skrubu pembeni yalikuwa yamezibwa kwa rangi, na alipochungulia nyuma, kila moja ilikuwa na komeo mgongoni. Afya na Usafi. Usawa wa Jinsia. Mazingira Yetu. Maadili Mema. Aliingia kwa mkuu bila kubisha.

"Mkuu, umeng'oa milango ya choo cha wasichana ukaandika juu yake usawa wa jinsia?"

"Taratibu, mwalimu. Fundi alikosa mbao. Ni mambo ya muda tu, ukaguzi ukipita tutairudisha. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Watoto hawanywi maji! Wa kwangu ameugua!"

"Pole sana. Lakini wewe ni wa hesabu. Fundisha hesabu."

"Si wewe uliyesema tufundishe mtambuka?"

"Kwenye safu, mwalimu!" mkuu alipiga meza. "Nilisema mjaze safu!"

Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa amelipaka rangi na kulitundika ukutani.

Mkaguzi alifika Alhamisi, mwanamke mwenye miwani na fomu ya kurasa sita. Alizisifu mbao, akazipiga picha, kisha akaingia darasa la sita kukagua somo la hesabu. Mada ilikuwa eneo. Bi Nukta aliwagawia watoto tepu za kupimia, akawapeleka kwanza kwenye mbao za ofisini. Sentimita mia na tisini kwa sabini na tano, zote nne. Kisha akawaongoza nyuma ya madarasa, mkaguzi akifuata na kalamu yake, mkuu akifuata na jasho lake. Watoto wakapima fremu za choo. Mia na tisini na mbili kwa sabini na saba, zote nne.

"Swali," alisema Bi Nukta. "Ubao utaingia hapa?"

"Utaingia!" darasa zima likajibu, wavulana na wasichana.

Mkaguzi aliyatazama yale matundu manne yaliyo wazi. Alikuwa ameelewa, hilo lilionekana usoni. Kisha akafunua fomu, akafunua tena.

"Hili ni suala la miundombinu," alisema. "Halimo kwenye fomu yangu. Na andalio lako, mwalimu, safu ya masuala mtambuka umeiacha tupu."

"Sikuwa na cha kunakili. Nilikuwa nafundisha."

Mkaguzi akaandika kwamba mwalimu wa hesabu hazingatii masuala mtambuka, na kwamba mbao za ofisini ni mfano wa kuigwa. Mwenzangu, soma tena hapo, maana hata mimi ninayesimulia damu inanichemka. Alikunywa soda, akapanda gari, akaondoka.

Gari lilipopita lango, Bi Nukta alitoa bisibisi kwenye mkoba. Hakumwuliza mtu. Wasichana walishika chini, wavulana juu, mbao zikashuka ukutani moja moja na kubebwa hadi nyuma ya madarasa. Bawaba zilikuwa bado kwenye fremu, na matundu yalizipokea skrubu kana kwamba hayakuwahi kuachana nazo.

"Utaandika maelezo!" mkuu alikuwa anapiga kelele. "Unaharibu mali ya shule!"

"Nitaandika," alisema Bi Nukta, akiwa na skrubu mbili mdomoni. "Mkaguzi si amepita? Hukusema ukaguzi ukipita itarudi?"

Mwalimu wa sayansi alikuja kumshikia mlango wa tatu. Wengine walibaki na chai yao.

Wa kwanza kuingia alikuwa binti wa dada yake. Aliuvuta mlango wa Usawa wa Jinsia, komeo likalia, na nje wasichana ishirini wakasimama kumsubiri, bila kanga.

Barua ya onyo ilitoka kesho yake mchana, mihuri miwili, aya tatu. Jioni Bi Nukta alikuwa anaisoma jikoni kwa mara ya pili binti alipoingia na kuweka chupa mezani. Bi Nukta aliinua chupa ili aisogeze, ikamshangaza kwa wepesi wake. Ilikuwa tupu.

"Nijazie tena, mama mdogo," alisema binti. "Leo lita moja haikunitosha."

Bi Nukta akaitandika barua chini ya sufuria ya moto, akaenda kuteka maji.