Kiswahili Tu

Mwalimu Editha alistaafu akidhani atapumzika. Mwaka haukuisha, akaombwa kufundisha wanawake watu wazima kusoma na kuandika, kijijini Rudewa, kila Jumanne na Alhamisi alasiri, kwenye stoo ya zamani ya mkonge. Nusu yao walikuwa wakulima, nusu Wamasai wa maboma ya jirani. Kila upande na mabenchi yake.

Wiki ya tatu Mama Ida, ambaye mahindi yake yaliliwa na ng'ombe wa Wamasai msimu uliopita, alisimama.

"Mwalimu, hawa wanatusengenya kwa Kimasai chao. Hapa iwe Kiswahili tu."

Miguu ya Editha ilikuwa imevimba. "Haya, Kiswahili tu," akasema, ili somo liendelee.

Likaendelea kimyakimya. Upande wa Wamasai haukuuliza tena kitu. Alhamisi Naishiye, aliyekuwa wa kwanza kuandika jina lake bila kuangalizia, hakuja. Jumanne pia hakuja.

Editha alimfuata kwa miguu, jua kali, mpaka bomani. Alimkuta anasiliba ukuta kwa samadi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona huji?"

Naishiye alitafuta maneno. "Ukisema neno gumu, namuuliza dada yangu kwa Kimasai. Yeye anajua. Sasa umekataza. Nikae pale nifanye nini?"

Babu yake Editha alikuja huku kukata mkonge, Mnyakyusa. Lakini siku Editha, akiwa mdogo, aliporudi kutoka shule na alama za fimbo kwa kusema lugha ya kwao, mama yake aliacha kumsemesha lugha hiyo. Leo hawezi hata kuamkia kwa Kinyakyusa.

"Njoo Alhamisi," alisema. "Utauliza kwa lugha yoyote."

Alhamisi akalitangazia darasa. Mama Ida alikusanya daftari na kalamu yake, akatoka, na jirani zake wawili nyuma yake, wakilalamika kwa Kisagara, lugha ya kwao.

"Mama Ida!" Editha aliita mara moja tu, mlangoni. Hawakugeuka.

Alirudi akavuta kiti, akafundisha ameketi. Naishiye alimnong'oneza dada yake, akajibiwa, akainama kuandika. Editha alihesabu waliobaki: kumi na wanne. Ilibidi ampitie Mama Ida nyumbani, azungumze naye. Lakini si leo. Leo hakuwa na nguvu.