Magazini ya Risasi Ishirini na Tano

Tuseme la haki kwanza: Sidi Chonga alijua kulenga. Katika klabu nzima ya shabaha, yenye wanaume thelathini na wanawake wawili, hakuna aliyekuwa na jicho kama lake. Mchana alipokea simu katika ofisi moja ya bandarini, na kazi ikiisha, huyo, yuko kiwanjani, amelala kifudifudi nyuma ya bunduki ya tuutuu, ile ndogo ya risasi zisizozidi kiungo cha kidole. Lakini vidole vyake, ewe Mola! Magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa tumboni mwa bunduki, ikiisha risasi na kutakiwa kubadilishwa, Sidi aliihangaikia kama mtu atafutaye funguo gizani.

Na mwaka ule, tisini na sita, vidole hivyo vilitaka kumponza. Klabu ilikuwa ikichagua watu wanne wa kwenda mashindano ya Nairobi. Watatu walikwisha kupatikana. Nafasi ya nne waliigombea Sidi na Tsofa, karani wa kampuni ya mizigo, mtu mpole lakini mwenye mikono myepesi. Wangeshindana Jumapili ya mwisho ya Julai, saa moja asubuhi: vibati ishirini, dakika moja, mwenye kuangusha vingi ndiye aendaye. Klabu ilikuwa haijapata kupeleka mwanamke tangu kuasisiwa kwake, na Sidi aliitaka safari hiyo hata chakula kikawa hakimshuki.

Magazini za klabu zilikuwa za risasi kumi kumi. Vibati ishirini maana yake ubadilishe katikati, na hapo Sidi alipoteza sekunde kumi na tatu. Tsofa alipoteza nne. Basi akili ikamtuma kutafuta magazini kubwa, ya risasi ishirini na tano, apige zote asibadilishe kitu.

Ya kwanza aliipata kwa Khubaib, muuza nyavu na vifaa vya uwindaji. Ilikuwa ya plastiki, yang'aa, risasi zaonekana ndani moja moja. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na Khubaib aliitembeza nusu saa nzima. Sidi hakubishana naye. Yeye kanuni yake ilikuwa moja: magazini ipige risasi mia mbili bila kukwama, ndipo aiamini. Ile ilikwama kwenye risasi ya nne. Risasi hizi ndogo zina ukingo kitakoni, na kingo zikipandana vibaya, basi tena, hakuna kinachopanda wala kushuka. Akairudisha siku ile ile, na Khubaib akashikilia kwamba kosa ni la bunduki.

Ya pili ilikuwa ya chuma, kongwe, imelala miaka kwenye dawati la Seth, nahodha wa klabu. Sidi aliipeleka Mji wa Kale kwa Sheikhan, fundi wa saa, ambaye alikuwa hodari kweli na mwenye kujisifu kweli, na hayo mawili usimtake ayatenganishe. Akaitia springi mpya, akaisugua midomo ya kutolea risasi kwa tupa ndogo, akaipaka mafuta, akamkabidhi Sidi akimwambia kwamba kitu kikitoka mkononi mwake hakina ila.

Haikuwa na ila. Kila siku baada ya kazi, jua bado kali, Sidi alipiga, na siku ya tisa akatimiza mia mbili bila kukwama hata mara moja. Alirudi kwao Ganjoni akiimba barabarani, na watu wakimwangalia.

Jumamosi, siku moja kabla ya shindano, alikwenda kiwanjani asubuhi mapema ili azoee mwanga wa saa hiyo. Kipupwe kilikuwa kikipuliza, baridi ya kumfanya mtu wa pwani avae fulana mbili. Akapiga moja, mbili, tatu. Kimya. Risasi imegoma kupanda. Akaitoa, akaipanga upya, akapiga tano, kimya tena. Mara ya tatu alitamani kulia, na ukitaka kujua, alilia kidogo.

Saa nne alikuwa mlangoni kwa Sheikhan. Akamwamkia shikamoo kwa adabu, kisha akamwaga yaliyomjaa. Mzee akaghadhibika. Akauliza tangu lini springi yake ikagoma, akauliza nani ameichezea, akataja saa za masharifu alizotengeneza. Wakati huo mkewe, Yumna, akatoka ndani na chupa ya mafuta ya nazi, yameganda meupe pepepe, anakwenda kuyaanika juani apate kujipaka nywele. Sheikhan alipoiona chupa ile akanyamaza ghafla.

"Mwambie," Yumna akasema. "Yuwaona haya, mwanangu. Mafuta ya cherehani yalimwishia, akachukua haya yangu."

Sidi akatazama chupa, akatazama magazini. Mchana mafuta maji, asubuhi ya kipupwe mafuta jiwe! Akaangua kicheko, na Yumna naye, hata mzee akashindwa kununa. Alikiosha kile kisanduku kwa mafuta ya taa, akakikausha, akaapa kwamba sasa kiko salama.

Lakini jaribio la kweli ni la asubuhi ya baridi, na asubuhi iliyobaki ilikuwa moja tu, ya shindano lenyewe. Sheikhan akamshika mkono.

"Sidi mwanangu, usinivunjie jina. Ichukue."

Sidi alimpenda mzee huyu, na ilimuuma. "Wewe nakuamini, fundi," akasema. "Hii sijaiamini. Nitakwenda na zile za kumi kumi."

"Na vidole vyako?"

"Vidole ndivyo nilivyokuja kukuomba."

Akamweleza. Bunduki haitoki ghalani mwa klabu, lakini magazini mbili za kumi alikuwa nazo mkobani. Alitaka kipande cha mbao chenye tundu kama la tumbo la bunduki. Sheikhan alilalamika, akasema yeye si seremala, na huku analalamika anachonga. Kisha akachukua saa yake ya kuhesabia sekunde, akakaa kizingitini, na kuanzia adhuhuri hadi karibu na magharibi Sidi akachomoa na kuchomeka, akachomoa na kuchomeka, mzee akimtajia sekunde na kumsuta. Kumi na mbili. Tisa. Tisa tena, una ugonjwa gani? Sita. Vidole vilimchubuka. Yumna akamletea kahawa na kaimati, akamlisha kwa mkono wake asipoteze wakati.

Jumapili Tsofa alianza. Alibadilisha kwa sekunde zake nne, kama mchezo, lakini jicho lake lilikuwa lile lile la siku zote, vikaanguka vibati kumi na saba. Sidi akalala chini. Vya kwanza kumi vilianguka vyote. Akachomoa, akachomeka, hakufikiri, mkono ulikuwa ukikumbuka wenyewe. Alipiga cha kumi na saba, na cha kumi na nane, na Seth akapuliza filimbi.

Seth alihesabu mara mbili, kisha akaandika jina lake. Tsofa akaja kumpa mkono na kumwambia akawatie adabu huko. Sidi alikaa kwenye nyasi, furaha imemjaa kifuani.

Nyuma ya kamba walisimama watazamaji, na katikati yao Sheikhan, kanzu na koti, kofia mpya, akiwasomesha watu watatu ambao hawakumuuliza kitu.

"Zile magazini kubwa si za kuaminika," alikuwa akisema. "Mimi nilimkataza. Nilimwambia usiache mbachao kwa msala upitao."

Sidi alimsikia vizuri sana. Akainuka, akaenda mpaka kwenye kamba, akaubusu mkono wa mzee mbele ya watu wote.

"Kweli," akasema. "Alinikataza."