Picha ya Gurudumu Hewani

Kama kuna mtu Busia nzima aliyezoea kuitwa mwongo na asikasirike, ni Mzee Maloba. Miaka thelathini na minane alipiga picha katika studio yake ya mabati karibu na mpaka, na tangu astaafu kazi yake ni moja tu: kusimulia. Aliwahi kuapa, mkono juu ya Biblia ya mkewe, kwamba alimpiga picha chui kule Bulumbi, na wiki iliyofuata chui akarudi kuchukua nakala yake. Aliapa pia kwamba Jiwe la Tororo, ule mlima wa mwamba, lilifumba macho alipowasha flashi. Watu walicheka, wakamnunulia chai, wakamwomba aongeze chumvi. Ukweli hakuna aliyewahi kumwomba.

Kwa hiyo asubuhi ile Taaka alipoingia uani akiwa amejifunga leso ya msiba kiunoni, Maloba alisimama bila kujua aweke wapi mikono yake.

"Mulembe, Mzee."

"Mulembe, mama Moses. Pole. Pole sana."

Taaka alikaa kwenye benchi, akatoa simu kifuani, akamnyooshea. "Nakuja kwako kwa sababu wewe ndiye unajua picha. Niambie hii ni ya uongo."

Moses, mwanawe, dereva wa bodaboda wa steji ya sokoni, alikuwa amekufa Jumanne kwenye kilima cha Iyolwa, njiani kwenda Tororo. Pikipiki ilimwangukia kinyumenyume, usukani ukamvunja kifua. Sasa alikuwa mochwari Tororo, na kaburi lake lilikuwa linachimbwa Bulumbi kwa ajili ya Jumamosi. Hayo Maloba aliyajua. Picha hakuwa ameiona.

Ilikuwa imepigwa na mpita njia. Moses juu ya pikipiki, uso umekaza, gurudumu la mbele liko hewani usawa wa kifua cha mtu. Nyuma ya kiuno chake picha ilikuwa imekatwa, na chini mtu ameandika: *Huyu ndiye aliyekufa Iyolwa. Alikuwa anacheza sarakasi.* Kufikia Jumatano jioni ilikuwa imefika kwenye simu zote, za Uganda na za Kenya.

"Wenzake wanasema hawatamsindikiza," Taaka alisema. "Leo saa kumi wanakaa kikao."

Maloba alielewa uzito wake. Krismasi iliyopita vijana wawili waliokuwa wakishindana kwenda kwa gurudumu moja walimgonga msichana wa shule kule Lumino, akafa daftari likiwa mkononi. Siku ya kumzika, madereva walisimama mbele ya baba yake wakaweka sheria: atakayekufa akicheza na pikipiki, tusimjue. Dereva mwingine akifa husindikizwa na pikipiki mia kutoka pande zote mbili za mpaka, matawi mabichi kwenye usukani, taa zinawaka mchana, honi zinalia hadi kaburini. Asiyesindikizwa, watu hula chakula cha matanga yake harakaharaka, wakaondoka bila kumtaja. Na Moses alikuwa ameacha binti wa miaka mitatu, ambaye angekua akiitwa mtoto wa yule mchezaji.

"Siku hizi simu inaweza kumpa ng'ombe mabawa," Taaka alisema. "Mwanangu hakuwa mtu wa michezo. Ecweru, mwenyekiti wao, amesema nikileta mtu anayejua picha, watamsikiliza. Mimi ninajua wewe peke yako."

Kutoka jikoni, Proscovia, mke wa Maloba, alikohoa. "Umefanya vizuri, mama. Mwizi ndiye anajua mlango gani haufungi."

Ilikuwa kweli. Zamani, kabla ya simu hizi, Maloba alikuwa na pikipiki kuukuu studioni. Aliliweka gurudumu lake la mbele juu ya kreti ya soda, akampandisha mteja, akampiga picha, kisha akaifuta kreti pichani kwa brashi na wino. Busia ikajaa mashujaa. Mpaka leo kule Lumino wapo wazee wenye picha ukutani wakiruka angani na pikipiki ambayo haikuwa na injini.

Akachukua lenzi yake ya kukuzia na kuinamia simu. Kwanza alitazama nyuma: Jiwe la Tororo kwa mbali limesimama wima, nguzo za umeme wima. Basi hakuna aliyeizungusha picha. Kisha akatazama shokapu za mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu. Hapo ndipo kreti zake zote zilipokuwa zikimsaliti kwa mtu mwenye macho. Gurudumu lililokalia kitu hubeba uzito, na shokapu hubanwa. Gurudumu lililo hewani kweli hujining'iniza lenyewe, na shokapu hunyooka hadi mwisho.

Hizi zilikuwa zimenyooka hadi mwisho.

Picha ilikuwa ya kweli. Lakini Maloba hakuinua kichwa, maana kitu kingine kilikuwa kinamkera. Anayeinua gurudumu kwa kucheza huegemea nyuma, mikono imenyooka kama anayevuta ng'ombe kwa kamba. Moses alikuwa amelala mbele. Kifua kilikuwa juu ya tangi, kidevu kinakaribia kugusa usukani, na mguu wa kulia umekanyaga breki mpaka kisigino kimepinda. Huyu hakuwa analiinua gurudumu. Alikuwa analishusha, kwa mwili wake wote, na gurudumu lilikuwa linamkatalia.

"Mama Moses," aliuliza, bado ameinama, "siku ile alibeba nini?"

"Mihogo yangu mikavu. Gunia tatu, za soko la Tororo."

"Wenzake walipofika hawakuona gunia."

"Waliiba watu wa njia, nadhani. Nani anauliza mihogo mtoto akiwa mochwari?" Alifuta pua kwa ncha ya leso. "Alisema abebe mbili kwanza, arudie. Mimi nikamwambia, utarudi saa ngapi, soko litavunjika. La tatu nikalisukuma mwenyewe huku nyuma kabisa ya keria, nikalifunga na mpira. Nilifunga vizuri, Mzee. Halikuanguka."

Maloba aliiweka lenzi chini polepole sana.

"Sasa?" Taaka aliuliza. "Ni ya uongo?"

"Nitasema kwenye kikao," alijibu.

Taaka alipoondoka, Proscovia alitoka jikoni na mwiko mkononi. Maloba akamweleza yote. Mwanamke yule, aliyezoea kumkatiza mumewe kila sentensi ya tatu, safari hii alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ukisema ni ya kweli tu, wanamtupa mtoto," alisema mwishoni. "Ukieleza ukweli wote, unamwambia mama kwamba gunia lake ndilo lilimuua."

"Na nikisema ni ya kutengeneza, mtoto anasindikizwa na mama hajui habari za gunia. Umewahi kuona uongo mzuri kama huo?"

"Nimeona uongo wako miaka arobaini, baba Bwire. Ule wote ulikuwa wa kuchekesha."

Saa kumi madereva walikuwa wamejaa stejini, wengine wamekaa kando juu ya pikipiki zao, wengine chini. Ecweru alikuwa katikati, mtu mnene mpole, aliyekuwa fundi kabla hajawa mwenyekiti. Taaka alipewa kiti cha plastiki.

"Mzee Maloba," aliita Othieno, dereva mwenye mdomo kuliko wote, "yule chui anasemaje kuhusu jambo hili?"

Wachache walicheka, kisha wakaona aibu.

"Othieno, mama yuko hapa," alisema Ecweru. "Mzee, leo si mambo ya chai. Sisi tulimwahidi baba wa yule mtoto wa Lumino. Tuambie unaona nini."

Maloba alisimama, akatengeneza kola. Na kusema haki, hakuwahi kusema uongo vizuri namna ile maishani mwake. Aliwaeleza habari za kreti na brashi, akawataja wazee wa Lumino kwa majina. Akaeleza jinsi kompyuta inavyofanya kwa dakika moja kazi iliyomchukua yeye siku mbili. Vichwa vilianza kutikisika kukubali. Taaka alikuwa ameinua uso, na ule uso ndio uliomponza Maloba. Ulimtia tamaa ya kuongeza kidogo.

"Alama ni hii," alisema. "Shokapu. Gurudumu likiwa hewani kweli, shokapu hunyooka. Hizi zimebanwa. Gurudumu hili lilikalia kitu, nacho kimefutwa."

Alitegemea macho ya watu yasione kitu kwa udogo wa simu. Alisahau anazungumza na akina nani. Mwimba kwaya hamdanganyi padri kuhusu misa, na mpiga picha asithubutu kumdanganya dereva wa bodaboda kuhusu shokapu.

Ecweru alichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili. Akampa aliye kando yake, naye akampa wa pili.

"Mzee," Ecweru alisema kwa huzuni, "mimi miaka kumi na tano nafungua shokapu. Hii imeachia yote. Gurudumu linaning'inia."

"Basi ni ya kweli," alisema mmoja.

"Mzee ametupanga," akasema mwingine. "Anamhurumia mama, sawa, lakini ametupanga."

"Ngojeni," Maloba alisema. "Ni kweli, ni ya kweli, lakini mtazameni mtu mwenyewe! Hakuwa anacheza. Amelala mbele, amekanyaga breki. Pikipiki ndiyo iliyomwinua..."

"Eh, sasa tena hakuwa anacheza!" Othieno alipiga makofi mara moja, kwa uchungu si kwa dhihaka. "Mzee, chagua moja. Dakika mbili tu zimepita kulikuwa na kreti."

"Tazameni kifua chake!"

Hawakutazama. Simu ilirudi kwa Ecweru, kioo kimezimika. Maloba aligeuka huku na huku akitafuta uso mmoja wa kumwamini, na kwa mara ya kwanza katika miaka sabini na moja akajua nini maana ya kuwa na neno la kweli mdomoni na kukosa pa kulitua. Imani ya watu alikuwa ameitumia yote kwenye kreti.

"Basi sheria ni sheria," Ecweru alianza. "Mama Moses, tutakuja mmoja mmoja kukupa pole, lakini msafara..."

"Uliniuliza alibeba nini."

Taaka hakuwa amesema kwa sauti. Alikuwa anamtazama Maloba.

"Asubuhi. Uliangalia picha, ukaniuliza alibeba nini. Halafu ukanyamaza. Wewe, Maloba, ukanyamaza."

"Mama, mambo ya kawaida tu, nilikuwa..."

"Usinidanganye tena. Leo umeshamaliza." Akamgeukia Ecweru. "Nyinyi mnabeba mizigo. Niambie. Gunia mbili ziko mbele kidogo, la tatu linakaa mwisho wa keria, linatoka nje hivi." Alionyesha kwa kiganja. "Mtu anapanda kilima cha Iyolwa. Inakuwaje?"

Dereva mmoja aliinamisha kichwa, akaanza kukwaruza tope kwenye kiatu chake.

"Niambie, mwanangu."

"Mbele inakuwa nyepesi, mama," Ecweru alisema. "Inanyanyuka yenyewe. Unalala juu ya tangi, unakanyaga breki, unaomba Mungu."

Taaka aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu siku. "Alisema abebe mbili. Mimi ndiye niliongeza la tatu. Nililifunga kwa mikono hii." Aliitazama mikono yenyewe, kisha akaificha ndani ya leso. "Kwa hiyo hakuwa anacheza. Andikeni hivyo. Mtoto wangu hakuwa anacheza."

Ecweru aliwasha tena simu. Safari hii walitazama, vichwa sita juu ya kioo kimoja: kifua juu ya tangi, kisigino kilichopinda. Othieno ndiye aliyetazama muda mrefu kuliko wote. Aliporudisha simu macho yake yalikuwa mekundu.

"Nani hapa hajawahi kuinuliwa na mzigo?" Ecweru aliuliza. "Anyooshe mkono."

Barabarani malori yalikuwa yamepanga foleni kusubiri kuvuka. Stejini hakuna mkono ulionyooshwa.

Jumamosi pikipiki zilitoka Tororo zikiwa mia na zaidi, matawi yanapepea, jeneza likiwa ndani ya pikapu na Taaka amekaa kando yake. Mbele kabisa Othieno aliendesha pikipiki ya Moses, usukani ukiwa umenyooshwa kwa nyundo. Maloba alikuwa nyuma ya Ecweru, akimshika mabega kama mtoto. Tangu Alhamisi hakuwa amesimulia chochote. Mtu alimpa chai, akainywa hadi mwisho kimya, na watu wakaanza kuulizana kama anaumwa.

Walipofika juu ya kilima cha Iyolwa, pale barabara inapoanza kushuka, Ecweru aliinua mkono. Honi zikakoma. Injini zikazimwa moja baada ya nyingine, mpaka ikasikika sauti ya mtu analima shambani ng'ambo. Madereva wakashuka, wakaanza kuteremsha pikipiki kwa miguu.

Pikapu nayo ilisimama. Taaka akashuka. Maloba alikimbilia kumpa mkono, naye akaupokea hatua mbili tatu bila kumtazama.

"Ungenificha jambo hili mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka nife."

"Halafu nani angeniambia?"

Maloba hakutunga jibu.

Taaka aliuachia mkono wake, akaenda mbele alipokuwa Othieno na pikipiki ya mwanawe. Akaishika keria tupu kwa mikono miwili, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, akaizuia isikimbie, hatua kwa hatua, mpaka chini ya kilima.