Kituo Kisichofiwa

Maneno yalianzia sokoni Uvira, kwenye meza ya Mama Marie, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani: eti hospitali kubwa ya ng'ambo, kule Bujumbura, inamaliza watu wa kifua.

"Wanavuka wakiwa wanasema, wanarudi ndani ya sanduku," alisema Marie. "Hesabu weye mwenyewe."

Mukamurenzi hakuhesabu, ila maneno yale yalimkwama kama mwiba wa samaki kooni. Akala nayo, akasali nayo. Mtoto wake wa kwanza, Ndahiro, mwanaume mzima mwenye kuuza ng'ombe kule Sange, alikuwa ameanza kushika kifua kila akipanda mlima.

Hapo hapo Uvira palikuwa na kituo kipya ambacho watu walikisifu. Chini karo, vile vigae vya sakafu, zinang'aa; waganga wa koti jeupe wanamwita kila mtu papa na mama. Na juu ya yote, tangu kifunguliwe hakijatoa maiti hata moja. Hilo Mukamurenzi aliliweka akilini.

Asubuhi moja Ndahiro alitokwa na jasho akiwa ameketi kivulini.

"Mama, iko jiwe hapa," akasema, akigusa kifua. "Na huu mkono wa kushoto ni kama si wangu."

Kwa desturi ya watu wa milimani, mama alimletea kwanza maziwa yamtulize. Maziwa yakarudi yote. Mkewe Ndahiro, Uwamahirwe, akakimbia barabarani kuita moto mbili, pikipiki za abiria.

"Tuvuke, mama. Kule iko muganga wa roho, huu moyo unaopiga kifuani, na mashine ya kuipima. Mpaka iko wazi."

"Kule wanakufa."

"Wanakufa kwa sababu wanafika..."

"Weye uliolewa juzi. Minye nilimuzaa."

Uwamahirwe akayaacha maneno yake nusu, akamfunika mumewe kitenge. Ndahiro akajaribu kucheka. "Munanigombania kama ng'ombe ya mahari."

Wakaenda kwenye kituo cha karo. Muganga aliyewapokea, Pierre, alimpima presha, akamtundikia maji, akasema ni asidi ya tumbo, papa apumzike. Mukamurenzi akaketi ametulia, akitazama sakafu ile safi hata akaona haya kwa vumbi la miguu yake. Jua likapanda mpaka utosini. Ndipo midomo ya Ndahiro ikageuka rangi ya majivu, na Pierre hakumwita tena papa.

"Mumutoe. Tunamutuma ng'ambo."

"Mumupime roho kwanza," Mukamurenzi akasema.

"Hiyo mashine hatuna, mama. Hatujawahi kuwa nayo."

"Lakini watu wanasema hapa hapafi mtu."

Pierre akatazama mlango wa nyuma. Gari lilikuwa limekwisha kuwashwa, kama lilivyozoea.

"Hawafii hapa," akasema.

Walivuka, kichwa cha Ndahiro kikiwa mapajani mwa mama yake. Alifika angali anapumua. Daktari wa kule alimbandika nyaya kifuani, akasoma karatasi iliyotoka, akaigeuzia upande wa mama kana kwamba naye angeweza kuisoma.

"Mshipa wa roho uliziba tangu asubuhi. Dawa ya kuuzibua tunayo, lakini inamfaa mtu aliyewahi. Sehemu kubwa ya roho imekwisha kufa. Wengi wanaletwa kwetu hivi, mama, wakiwa wamepitia kwingine."

Ndahiro alikata roho kabla jua halijashuka nyuma ya milima ya Uvira, ambayo mama yake aliiona dirishani, ng'ambo ya ziwa, ikiwa karibu kama kitu cha kushikwa.

Alirudi ndani ya sanduku. Sokoni wakasema, munaona sasa, ng'ambo wamemumaliza na huyo.

Matanga yalipoisha, Mukamurenzi alikwenda kwenye meza ya ndagala. Marie alitaka kumpa pole, Mukamurenzi hakuingoja. Alisema mbele ya wanunuzi, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto njia ya kwao:

"Usichague hospitali kwa kung'aa kwa karo.
Usiulize wangapi wamekufa pale bila kuuliza walifika namna gani.
Usikae pasipo na mashine ya roho.
Usimpe maziwa mutu mwenye jiwe kifuani.
Usingoje jua lipande.
Usimunyamazishe muke wa mugonjwa.
Na hayo maneno yako, Mama Marie, usiyauze tena."