Mbwa Asiye na Cheti

Marlys Kowalke alijua Todd Brandl amesimama mlangoni hata kabla Todd hajafungua mdomo, maana yule bwana hajipulizii marashi, anayaoga. Ilikuwa Jumamosi, saa nane kasorobo mchana. Nje kulikuwa na ile baridi ya Wisconsin inayokata masikio bila kuomba ruhusa, na ndani fainali ya ligi ya bouling, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito uangushe pini kumi, inaanza saa nane kamili.

"Marlys, mama yangu," alisema Todd, kwa ile sauti laini ambayo watu huitumia wakiwa wanakufukuza. "Wewe karibu sana. Huyo mbwa ndiye tuna shida naye."

Mbwa mwenyewe ni Otto, labrado mweusi, amevaa mkanda wenye mpini mgumu ambao Marlys huushika akitembea. Muda huo alikuwa amekaa kimya kando ya goti lake, anapumua taratibu. Hajabweka tangu Krismasi, na Krismasi yenyewe alikanyagwa mkia.

Sasa, Todd alikuwa ameununua ukumbi ule wa bouling majuma matatu tu yaliyopita. Akaufunga, akatandika zulia jipya, na leo ndiyo anafungua. Mwenye ukumbi wa zamani alikuwa anamwekea Otto bakuli la maji chini ya benchi. Todd yeye aliweka tangazo mlangoni, kaliandika mwenyewe, kalichapisha mwenyewe, na inaonekana kaliamini mwenyewe: mbwa wa huduma tu, na waonyeshe cheti.

"Todd, hicho cheti hakipo," alisema Marlys. "Siyo kwamba nimekisahau nyumbani. Hakipo kisheria. Unaruhusiwa kuniuliza maswali mawili. La kwanza, huyu mbwa ni wa lazima kwa sababu ya ulemavu? La pili, amefundishwa kazi gani? Basi. Sheria ya Marekani nzima hiyo, sijaitunga jikoni kwangu."

"Aa, mimi siwezi kukuuliza mambo ya ulemavu wako," alisema Todd. "Naheshimu siri za watu. Nataka cheti tu."

Heshima iliyoje. Unazuiwa mlangoni na baridi yake, lakini siri zako ziko salama.

Na haikuwa mchezo kwa Marlys. Macho aliyapoteza miaka miwili nyuma, kisukari kiliyala. Timu yake ikamtunzia nafasi mwaka mzima wakati anajifunza upya kurusha mpira, mkono mmoja kwenye reli ya chuma, masikio yakifanya kazi ya macho. Hii ilikuwa fainali yake ya kwanza tangu hapo. Na kanuni ya ligi ni fupi: saa nane ikigonga hujafika kwenye njia yako ya kurushia mpira, anacheza mchezaji wa akiba mpaka mwisho. Mchezaji wa akiba alikuwa nani? Rhonda, shemeji yake Todd. Keshavaa na viatu. Kwa huruma tu, alisema.

Nyuma yao kengele ya mlango ikalia, vikaingia vigurudumu vya kigari cha mtoto, na ndani ya kigari kubweka kwa sauti nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta. Huyo alikuwa Bibi Gunderson na mbwa wake Prince, kitu cha manyoya saizi ya kuku. Prince alikuwa na kizibao, na kizibao kilikuwa na beji, na beji zilikuwa nyingi kiasi kwamba akitikisika unasikia kabati la vijiko limeanguka.

"Cheti chake hiki hapa, mwanangu," alisema Bibi Gunderson.

Todd alikisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anafungisha ndoa. "Mbwa wa Huduma, Daraja la Dhahabu. Unaona, Marlys? Mwenzako kajiandaa."

"Anafanya kazi gani?" aliuliza Marlys.

"Ananituliza," alipaza sauti Bibi Gunderson, maana Prince alikuwa anamfokea Otto na huwezi kusikika. "Prince. Prince, nyamaza. Prince, mama kasema nini? Mungu wangu, huyu mbwa ataniua."

Akapita. Alitulizwa mpaka ndani.

Zimebaki dakika kumi. LaVonne Tesch, rafiki yake Marlys kwa miaka thelathini sasa na ndiye aliyemleta kwa gari, akamvuta pembeni. LaVonne ni mama wa miaka sitini na mbili ambaye simu haitoki mkononi. Hata mkaa wa kuchomea nyama ananunua mtandaoni.

"Sikiliza, mwenzangu," alinong'ona. "Tumwache Otto kwenye gari, niwashe joto. Leo tu. Mimi nitakushika mkono mpaka kwenye njia."

Burt, mzee aliyestaafu kupeleka barua na mchezaji wa tatu wa timu, akaguna kuunga mkono. "Leo tu, Marlys. Tumefika mbali."

Hapo ndipo palipomuuma. Todd alimkasirisha, lakini hawa walimuuma. Mkono wa LaVonne anaujua. LaVonne anamkokota kama sanduku la safari, na habari ya ngazi anaitoa ukishazikuta mwenyewe. Tena mikono ya watu ina shughuli zake, inakwenda kuvuta sigara, inakutana na jirani, inakuacha katikati ya maegesho inasema nakuja sasa hivi. Otto hajawahi kusema anakuja sasa hivi.

Na "leo tu" nayo anaijua. Leo Otto atabaki kwenye gari. Wiki ijayo atabaki nyumbani. Wiki ya tatu atakayebaki nyumbani ni Marlys.

"Hapana," alisema. "Kama ni Rhonda acheze, acheze. Mimi nitakaa hapa hapa mlangoni na mbwa wangu, kila anayeingia animwagie theluji. Kwenye gari haendi."

Marlys akasikia kucha za LaVonne zinagonga kioo cha simu, tk tk tk tk. Akafikiri, basi, kachukia, anawaandikia watu habari zangu.

"Todd," LaVonne aliita, mtamu ghafla. "Hebu niangalie hapa. Tabasamu kidogo, ukumbi mpya huu, watu wakuone."

Todd, ambaye hajawahi kukataa picha, akatabasamu. Simu ikalia tchk.

"Asante. Una kilo ngapi?"

"Tisini na sita. Kwa nini?"

"Wanauliza." Tk tk tk. "Manyoya rangi gani? Naandika kahawia, yamepungua juu. Aina, mchanganyiko. Amefundishwa? Naweka hapana, tusiseme uongo. Kazi anayofanya..." Akafikiri kidogo. "Kuziba mlango. Haya, nimetuma. Printa ya ofisini bado inaikumbuka simu yangu, asubuhi si nilichapishia majina ya ligi hapa?"

Kule ofisini printa ikaanza kukohoa. Muda si mrefu Rhonda akatoka, viatu vya bouling vinateleza kwenye zulia jipya.

"Todd," alisema, "kuna karatasi imetoka ina picha yako na muhuri wa dhahabu."

"Isome," alisema LaVonne.

Na Rhonda, maskini, akaisoma. "Hii ni kuthibitisha kwamba Todd ni Mbwa wa Huduma aliyesajiliwa, na anaruhusiwa kuingia mahali popote pa biashara. Hongera, Todd." Akasita. "Chini wameandika usisahau chanjo."

"Cheti cha mtandaoni hicho, anapewa yeyote anayelipa," alisema LaVonne.

Ukumbi ulikuwa na watu kama sitini. Marlys alikisikia kicheko kikianza na mmoja anayejikaza, halafu wawili, halafu ukumbi ukaachia wote. Kuna mtu alipiga meza.

"Mpisheni apite," alisema Burt. "Mwenzenu ana karatasi."

Marashi ya Todd yalisikika yakipata joto.

"Dakika tatu," alitangaza Harlan, katibu wa ligi, mtu ambaye saa yake haina huruma na haijawahi kuombwa msamaha ikakubali. "Njia ya sita, mchezaji wa nne hayupo."

"Haya," alisema Todd chini chini. "Hayo maswali. Yalikuwaje?"

Marlys akamrudishia yote mawili, polepole, kama anamfundisha mtoto namba ya simu ya nyumbani. Todd akauliza la kwanza akiwa amekodolea zulia, sauti imeingia kwenye kola.

"Nina macho mabovu, Todd, masikio ni mazima, lakini hata mimi hapo sijasikia."

Akarudia. Safari hii mpaka jikoni wanakokaanga samaki walisikia. Mbwa huyu ni wa lazima kwa sababu ya ulemavu?

"Ndiyo."

"Na amefundishwa kazi gani?"

"Kunipitisha kando ya vitu vinavyosimama mlangoni," alisema Marlys. "Otto, mbele."

Otto akainuka, akapima, akamzunguka Todd upande wa kushoto kama anavyozunguka nguzo za barabarani, akaacha nafasi ya kutosha bega la Marlys lisiguse. Zulia lilikuwa zuri kweli, laini chini ya buti, halina kosa. Hatua kumi na nne, ngazi mbili kushuka, Otto akisimama kwenye kila moja. LaVonne alikuja nyuma na begi la mpira, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumshika mtu.

"Njia ya sita, yupo," alisema Harlan, na Marlys akasikia kalamu. Kando kidogo akasikia Rhonda anafungua kamba za viatu, anazivuta kwa hasira moja moja.

Otto akaingia chini ya benchi, akalala. Marlys akashika reli kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa bado haujatokwa na baridi ya mlangoni. Alivuta pumzi, akarusha.

Mpira ulikwenda ukinguruma, ukaegemea kulia zaidi ya alivyotaka, kisha pini zikaanguka kwa kishindo.

"Saba chini," alisema Burt.

"Ngoja, bwana," alisema Marlys, kichwa ameinamisha. "Kuna pini moja bado inayumba, inafikiria."