Kibao cha Mzee Fyuzi

Mama Wino alipiga simu bila salamu. Yeyote aliyemfahamu mwenye kiwanda kile cha uchapaji alijua kwamba akiruka salamu, mahali fulani kunawaka moto.

"Flashi yako imeniletea kirusi," alisema. "Mashine yangu kubwa imegoma tangu asubuhi. Wafanyakazi wamekaa juu ya marobota ya karatasi wanapiga soga, na soga zenyewe najua ni za kunisema mimi."

"Mama, naomba radhi..."

"Radhi utanipa kesho saa sita mchana, pamoja na kurasa za kitabu cha hesabu. Nakupenda, binti, lakini zikija na mdudu mwingine, kazi hii nampa mtu mwingine. Sina ujanja."

Simu ikakatwa. Aliyeachwa ameshika simu sikioni alikuwa mpangaji wa kurasa za vitabu, na mumewe alimwita kwa utani Bibi Kurasa, jina likamganda. Yeye hupokea maneno ya waandishi yakiwa yamerundikana kama nguo chafu, akayatenganisha, akayapa nafasi ya kupumua, akaweka kila picha mahali pake. Kazi hiyo aliifanya katika chumba kilichokuwa stoo, kwenye meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani. Tundu la kitasa lilikuwa bado lipo, na nyaya za kompyuta zilipita humo kwenda kwenye soketi ya ukutani. Chumba kilikuwa kidogo, lakini ndicho kilichomfanya atembee mtaani kifua mbele. Akimwaga unga kwa Mama Wino, hakukuwa na Mama Wino mwingine.

Mumewe, kinyozi, aliporudi alikuta kesi inamsubiri mlangoni.

"Ni wewe!"

"Mimi nimefanya nini tena?"

"Wewe na filamu zako za bure. Unabofya kila kinachong'aa. Sasa umetuletea kirusi."

"Mke wangu, tangu uliponifokea siku ile sijaigusa kompyuta yako. Hata nikipita pale mlangoni naangalia pembeni, kama mtoto aliyekutana na mwalimu wake wa hesabu."

"Sasa nani? Paka?"

"Paka hatuna."

Kwenye kona ya sebule, baba mkwe alikuwa amefungua pasi mbovu na kuitandaza juu ya gazeti. Alikuwa fundi umeme, sasa amestaafu, na mtaa mzima ulimwita Mzee Fyuzi. Alikohoa kidogo.

"Msigombane," alisema bila kuinua kichwa. "Mashine yenyewe inachoka. Kila nikiigusa mgongoni naikuta ina homa."

Hakuna aliyemsikiliza. Watu wawili wakiwa wamekunjiana nyuso, maneno ya mtu wa tatu hupita kama upepo.

Asubuhi na mapema, Bibi Kurasa alimwita fundi wa kompyuta, dada mmoja mfupi mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake. Kitu cha kwanza alichokiona fundi hakikuwa kirusi. Kilikuwa kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya kioo.

"Hii nini?"

"Neno la siri."

"Siri gani hii, dada, inayoweza kusomwa hata na mtu aliyesimama uani?" Aliibandua, akaikunja, akampa. "Weka kichwani. Kichwa hakibanduki."

Kisha akaketi, akafungua huku na kule, mara uso ukabadilika.

"Huwa unaisasisha kompyuta hii?"

"Kila siku! Mchana ikiniomba naiambia kesho, maana niko kazini. Lakini jioni nikimaliza naiambia isasishe halafu ijizime yenyewe. Naiacha inazunguka, naenda kupika."

"Basi angalia hapa." Fundi alimwonyesha mistari kwenye kioo, yote ikiimba wimbo mmoja: imeshindwa, imeshindwa, imeshindwa. "Kila jioni inaanza, na kila jioni inakatwa njiani."

Bibi Kurasa alikumbuka asubuhi zile ndefu, kioo kikimwambia asubiri, mashine inarudisha mambo yalivyokuwa. Alikuwa amezoea kuilaani na kwenda kuosha vyombo.

"Waliotengeneza mfumo huu," fundi aliendelea, "wakigundua tundu ukutani wanakuletea tofali la kuliziba. Wewe matofali yote unapokea, ila hakuna hata moja lililojengwa. Na programu yako ya ulinzi haiwezi kwenda mbele mfumo ukiwa umebaki nyuma. Inawajua wezi wa zamani tu. Wa sasa wanaingia wanaipungia mkono."

"Nani anaikata?"

"Hilo mimi siwezi kuliona humu. Umeme unaondoka ghafla, ndicho ninachojua. Kuna mtu anazima ukutani." Alianza kufunga begi. "Kirusi nilichokikuta nimekiua, lakini matundu bado yako wazi. Sasisho hili ni kubwa na litakula muda. Lisipokamilika, usimpelekee Mama Wino kitu. Na siku ukipata nafasi, ifunguliwe ipanguswe vumbi. Feni yake inahema."

Bibi Kurasa alimpigia simu Mama Wino, akaomba kurasa zifike keshokutwa. "Keshokutwa," Mama Wino alisema. "Hiyo ndiyo ya mwisho."

Jioni hiyo alifanya kama kawaida. Alibonyeza, kioo kikaandika kwamba kompyuta isizimwe, duara likaanza kuzunguka. Akaenda jikoni. Lakini hakupika. Alisimama nyuma ya pazia la mlango, mwiko mkononi, akichungulia.

Taa za barabarani zilipowaka, Mzee Fyuzi aliinuka kitini kuanza zamu yake. Kila mtu nyumbani aliijua zamu hiyo, ila hakuna aliyekuwa ameitazama kwa makini kwa muda mrefu. Alianza na friji, akaligusa kwa mgongo wa kiganja, kwa sababu fundi umeme hashiki kitu kwa tumbo la mkono kabla hajakijua. Umeme ukiwepo, kiganja hufumba na kung'ang'ania. Akaenda kwenye redio, akachomoa plagi. Akaenda kwenye pasi. Halafu akaingia stoo.

Kioo kilikuwa kimeshakuwa cheusi, mashine ikijiandaa kuwaka upya. Mzee aliinama, akaweka mgongo wa kiganja ubavuni mwake. Feni ilikuwa inanguruma.

"Pole, mwanangu," aliiambia. "Wamekusahau tena."

Akazima swichi ukutani. Feni ikashuka sauti taratibu, ikanyamaza, na mzee akaipiga kibao chepesi mgongoni, kama mtu anavyomlaza mtoto.

Mwiko ulibaki hewani. Bibi Kurasa alitaka kupiga ukelele, na ukelele ulifika hadi kwenye meno, ukarudi. Alikuwa amemkumbuka mzee alivyokuwa akiitwa kila nyumba inapoungua, apite kwenye majivu atafute soketi moto ulipoanzia. Alirudi kutoka kazi hizo bila hamu ya kula. Tangu hapo hakai mezani mpaka ahakikishe hakuna kinachochemka ukutani peke yake. Alikuwa akiwalinda. Jioni zote zile, alikuwa akiwalinda.

Alimvuta mumewe pembeni ya jiko.

"Baba?" Kinyozi alishika kichwa. "Basi tutie kufuli kwenye mlango wa stoo."

"Tumfungie mzee mlango? Kwenye nyumba ambayo nyaya zote kazivuta yeye?"

"Basi mwambie."

"Wewe ndiye mwanawe."

"Na wewe ndiye mkwe anayempenda. Mimi akiniona anakumbuka tu kwamba nilikataa kurithi bisibisi."

Walipomaliza kula, Bibi Kurasa alipeleka chai mwenyewe. Aliketi kwenye kigoda, chini kidogo ya kiti cha mzee, akapiga moyo konde.

"Baba, nina swali la kazi yako."

Mzee Fyuzi aliweka kikombe chini. Ilikuwa zamani mtu kumuuliza swali la kazi yake.

"Uko juu ya ngazi, umeshika nyaya, kazi iko nusu. Mtu anapita chini, anagusa swichi kuu."

"Aguse swichi!" Mzee alikaa wima. "Nikiwa bado hai nitashuka kwenye hiyo ngazi, na atajuta kuzaliwa na vidole."

"Sasa mlikuwa mnafanyaje watu wasiguse?"

"Kibao, mwanangu! Unatundika kibao kwenye swichi: Usiguse, mtu yuko kazini. Hata mkubwa wa kazi akija, hakigusi. Anayekitoa ni yule yule aliyekitundika."

Bibi Kurasa alikisogeza kigoda karibu.

"Baba, jioni nikitoka pale stoo, mashine inakuwa juu ya ngazi. Haijasahauliwa. Inaziba matundu ya wezi, na kazi hiyo inaifanya wakati mimi nimeondoka. Ikizimwa katikati, inaanguka."

Kinyozi, aliyekuwa akijifanya anasoma kalenda ukutani, alianza kuisoma kwa bidii zaidi.

"Kila jioni?" mzee aliuliza hatimaye.

"Kila jioni, Baba."

"Nami nikidhani naipumzisha."

"Kosa ni langu. Sikukuambia."

Mzee Fyuzi aligeuza mkono wake, akautazama mgongo wa kiganja kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Kwa hiyo kazi yako inataka kuondoka kwa sababu ya huu," alisema. Aliinuka, akaacha chai yake, akaenda chumbani kwake. Mlango ukafungwa polepole, na polepole ile iliuma kuliko kama angeubamiza.

"Umeona?" kinyozi alinong'ona. "Umemvunja moyo mzee wa watu."

Bibi Kurasa alikitazama kikombe cha chai kilichoachwa. Roho ilikuwa juu. Kazi angeweza kuililia ikapita, lakini angemtazamaje mzee huyu kila asubuhi, akiwa amemfanya mgeni mbele ya soketi zake mwenyewe?

Kisha walisikia sanduku la bati linaburutwa kutoka uvunguni. Vyuma vikagongana, kitu kikaanguka, mzee akakitukana. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa ameshika kipande cha bati chekundu kilichopauka, kina ndoano ya waya na maandishi meupe: USIGUSE. MTU YUKO KAZINI.

"Nilipostaafu walikitaka kirudi stoo ya kampuni," alisema. "Nikawaambia kimepotea. Twende."

Kule stoo, Bibi Kurasa aliiwasha kompyuta, akasubiri mashine irudi ilikotoka, akaanzisha sasisho upya. Mzee alitundika kibao kwenye swichi, akakinyoosha kisikae upande, akavuta kiti na kuketi mbele ya kioo mikono magotini.

"Imekwama."

"Haijakwama, Baba. Ndivyo inavyokwenda."

"Na homa yake?"

"Fundi anasema ni vumbi kwenye feni."

"Kesho tutaliona hilo vumbi." Akamgeukia mwanawe aliyekuwa mlangoni. "Wewe, kesho nitahitaji brashi yako ile laini, ya kupangusia shingo za watu. Bisibisi sikuombi, najua huna."

Kinyozi alicheka, na mzee naye akacheka. Walikaa hapo wote watatu katika stoo isiyotosha wawili, wakitazama namba inapanda kwa uvivu. Ilipofika mwisho na mashine ikawaka upya yenyewe, ikatulia, Mzee Fyuzi alipumua kama aliyeshuka ngazi. Akakitoa kibao kwa mkono wake.

Asubuhi waliichomoa plagi kabisa, mzee akaifungua, brashi ya kinyozi ikatoa donge la vumbi la kutosha kujaza mto wa mwanasesere. Feni iliporudi kuzunguka, Bibi Kurasa aliiinamia kuhakikisha kweli inazunguka. Aliikagua kazi yake kwa programu ya ulinzi iliyosasishwa, akaikagua tena kwa woga, ndipo akaipeleka.

Mama Wino alipiga simu mchana.

"Hujambo, binti? Habari za nyumbani? Mkweo hajambo?"

Bibi Kurasa aliketi. "Hatujambo, Mama. Sote hatujambo."

"Kurasa ni safi. Nakutumia kitabu kingine, cha jiografia, kina ramani mpaka utachoka."

Cha jiografia kilimchosha kweli. Alasiri moja, akiwa amebakiza kidogo, ujumbe ulichomoza kwenye kona ya kioo: kuna sasisho muhimu, sasa au kesho? Bila kufikiri, aliusogeza mkono kwenye kesho.

"Mwanangu."

Mzee Fyuzi alikuwa amesimama mlangoni. Kibao chekundu kilikuwa kinaning'inia kwenye kidole chake.

"Nimebakiza ukurasa mmoja tu, Baba."

"Hata mimi nilikuwa nazima swichi moja tu."

Bibi Kurasa alimtazama, akahifadhi kazi yake, akabonyeza sasa. Akampisha kitini, akaenda jikoni kumenya vitunguu, na hakurudi stoo mpaka mzee mwenyewe alipokuja kumwambia kwamba amekitoa kibao.