Jani la Isale Mkononi mwa Wilbert

Usiniambie picha haidanganyi. Mimi ndiye mpiga picha, na uongo mmoja niliupiga kwa mikono yangu hii.

Novemba mwaka jana, mwezi wa kuwaombea marehemu, padri wetu huku Mwika aliniita. Parokiani kwetu watu watano walikuwa wameuawa ndani ya miaka mitatu, wote kwa mikono ya watu waliowafahamu. Padri alitaka picha zao zitundikwe ukumbini baada ya misa. "Scola," aliniambia, "hawa wasiishie kuwa habari ya polisi." Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Nilipiga picha za viatu, za makoti, za vitanda vinavyotandikwa kila asubuhi na havilaliwi. Nililia mpaka nikashindwa kuona ninachopiga.

Wa tano alikuwa Godlove, mtoto wa Mama Mektrida. Alikatwa panga na kaka yake, Wilbert, kwa ajili ya mpaka wa kihamba, shamba lao la urithi. Migomba sita tu, jamani! Wilbert yuko mahabusu mpaka leo. Mama Mektrida hana mtoto mwingine.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Picha ya Godlove chukua hii ya kipaimara. Lakini pembeni yake weka ile ya isale."

Hiyo niliipiga mimi.

Kwetu, ukimkosea mtu ukataka amani, unampelekea jani la isale. Akipelekewa, hawezi kukataa. Lakini aliyelitoa akiivunja amani hiyo, ukoo unamtenga. Hatembelewi, hapelekewi chakula, hazikwi kihambani.

Godlove alikuwa amekimbilia Kahe, analima mpunga, kwa kumwogopa Wilbert. Krismasi ya mwaka juzi ilipokaribia, mama yake akampigia simu: rudi, kaka yako anatoa isale. Godlove akajibu kwamba hatarudi mpaka aione kwa macho. Ndipo nikaitwa mimi na kamera yangu. Mama alichuma jani uani, akaliweka mezani, akarudi jikoni kwenye mtori wake. Wilbert alikuwa amekaa na pombe yake ya mbege, jani hataki hata kulitazama.

"Sitoi isale kwa mwizi," alisema.

Nami nilikuwa na harusi mjini, nimechelewa, na hasira zangu mnazijua ziko karibu. "Aisee Wilbert, usinipotezee muda! Shika tu, ni picha!" Nikamkunjua vidole, nikamtia jani mkononi, nikapiga. Nilipokuwa nafunga begi, jani lilikuwa sakafuni. Hata hivyo nilimtumia Godlove ile picha.

Alirudi kesho yake. Siku ya tatu akauawa. Mwaka mzima nikanyamaza.

"Watu wanasema mwanangu alijipeleka mwenyewe," Mama Mektrida aliniambia. "Eti kichwa ngumu. Nataka wajue aliitwa kwa amani."

"Lakini Mama, wakiiona, watamtenga Wilbert."

"Amevunja isale. Nimfanyeje?"

Alisema hivyo, na huku miguuni pake kulikuwa na kikapu cha ndizi na sabuni, vya kumpelekea Wilbert Jumamosi. Hakuwa amekosa Jumamosi hata moja. Nikashindwa kuvumilia. Nilipiga magoti kwenye majivu ya jiko lake, nikamwambia yote: mbege, harusi, vidole, jani sakafuni.

 Kuku aliingia, akadonoa, akatoka.

"Kwa hiyo hakulitoa."

"Hakulitoa, Mama. Nisamehe."

"Na mimi ndiye niliyepiga simu." Alijifuta uso na kanga. "Nilimwambia, njoo baba, ndugu yako amelainika. Umemwambia nani mwingine habari hii?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi usimwambie. Itundike."

"Mama, Wilbert je?"

"Itundike, nimesema! Kama isale haikutolewa, basi Godlove nilimwita mimi aje afe. Siwezi kuishi na hilo, Scola. Siwezi. Wilbert mikono yake imeshaloa damu, atabeba na hili."

Niliitundika. Mungu anisamehe, niliitundika, tena nikainyoosha ikae sawa. Mzee Evaristo, mkubwa wa ukoo, aliitazama mpaka macho yakamwiva. Kisha akageuka, akasema mbele ya watu wote kwamba jina la Wilbert lisitajwe tena kihambani. Hakuna aliyebisha. Mama Mektrida alisimama chini ya zile picha mbili, akapokea pole za watu mmoja mmoja. "Aika," aliwashukuru. "Aika, aika."

Jumamosi nilikwenda kumwona Mama Mektrida. Kikapu kilikuwa kimetundikwa msumarini, kitupu. Yeye alikuwa ameketi mlangoni, amevaa nguo zake za safari.

"Saa ngapi sasa?" aliniuliza.

"Saa nne, Mama."

"Saa hizi huwa anaangalia mlango," alisema.